Nilivyomuua Mlinzi wa Daraja

Vitabu vya hadithi moja ndefu ya mapanga na uchawi nilivinunua kimoja kimoja soko la Busia, kwa wauzaji wa mitumba, vingine vikiwa havina jalada. Ndivyo vilivyonifundisha Kiingereza baada ya kuacha shule kidato cha pili. Nilisoma na kamusi mapajani, nikarudia na kurudia, mpaka nikajua nani ana upanga gani na nani anakufa wapi. Cheti sikuwa nacho. Nilikuwa na hadithi hiyo tu, na niliijua bila kosa.

Kwa hiyo tamthilia yake ilipoanza kufika Malaba kwenye flashi, nilimwomba mama tuiweke kwenye televisheni ya hoteli yetu. Hoteli iko kando ya foleni ya malori, na madereva wanaongoja karatasi zao zipite forodhani hula kwetu. Walianza kuniita Mwalimu. Nilijifanya sipendi.

Lakini tamthilia haikunitii. Ndugu wawili wa kitabuni waligeuzwa kuwa mtu mmoja. Mchawi, ambaye kitabuni ni kikongwe asiye na meno, alitokea akiwa mama wa makamo mwenye tabasamu zuri. Kila mara nilisimama na trei mkononi nikitangaza, "Hapo wamekosea." Watu walidhani ninaringa. Ukweli ni kwamba sikuweza kujizuia. Nikiona kosa, hata lisilo langu, nalala nikilirekebisha kichwani.

Aliyewapendeza wateja zaidi alikuwa mlinzi wa daraja. Kitabuni ana kurasa chache tu, na ni mchoyo. Kwenye tamthilia walimpa kicheko, mguu wa kuchechemea, na mazoea ya kukaa na msichana shujaa wa hadithi, wakipiga soga. Dereva mmoja wa makamo, aliyekuwa akipeleka saruji Juba, alimpenda kupita kiasi. Alianza kucheka kabla mlinzi hajafungua mdomo.

Mchana mmoja aliniuliza, "Dada, wewe umesoma. Huyu mzee wa daraja anafika mwisho?"

"Hafiki," nikasema. "Anapigwa mshale, anafia pale pale darajani."

Nilijibu haraka, kama mwanafunzi aliyenyoosha mkono kwa muda mrefu. Dereva akaitazama chai yake.

"Sasa hiyo ilikuwa lazima uniambie?"

"Si umeuliza?"

"Kweli, nimeuliza." Akasimama. "Basi mimi naishia hapa. Sitaki kumwona akienda."

Siku iliyofuata karatasi zake zilipita, akavuka kwenda Uganda. Mama alikuwa amesikia yote akiwa jikoni. "Mtu alikuwa na kitu kimoja cha kumchekesha kwa hii foleni," alisema, akaendelea kusonga ugali.

Kisha ikaja episodi ya mshale. Mlinzi aliinama kuokota kofia yake, mshale ukapita juu ya mgongo wake, ukampata yule jamaa waliyemtengeneza kwa ndugu wawili. Ajenti wa kliaringi, wa kuwapitishia madereva karatasi forodhani, anayekula kwetu kila mchana, hakuniachilia.

"Mwalimu, marehemu wako anakunywa supu."

"Kitabuni amekufa," nikasema.

"Basi mpelekee hicho kitabu asome, ajue amekufa."

Hoteli nzima ilicheka. Niliingia jikoni nikalia, halafu nikachukua kitabu ili nitoke na ushahidi. Nikaanza kumsoma tena yule msichana, na hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kurasa zake karibu zote ni mawazo. Anaogopa, anajilaumu, anapanga maneno ambayo hayasemi. Ukimweka kwenye televisheni vile alivyo, utamwona msichana amekaa kimya anatazama mto. Walihitaji mtu wa kumsikiliza, wakamchukua mlinzi. Na baada ya kumpa mtu wa kuongea naye, wangemuuaje mtu huyo bila kumrudisha msichana kwenye ukimya wake?

Mimi pia huongea kichwani. Nilikaa na kile kitabu, mabega yakashuka yenyewe. Kitabu hakikuwa kimekosea, na wao pia hawakuwa wamekosea. Sikuwa na kitu cha kurekebisha.

Ila dereva. Yeye alikuwa barabarani akimwombolezea mtu mzima wa afya kwa sababu yangu, na namba yake sikuwa nayo. Kila lori lililorudi tupu kutoka ng'ambo nilichungulia nani yuko kwenye usukani.

Alirudi mchana wa mvua, akaagiza samaki. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu, yote yakanitoka.

"Mzee, ile siku, nilichokwambia kilikuwa cha kitabu, na—"

"Dada, usianze tena."

"Sisemi kitu. Tazama tu."

Nikaiweka ile episodi ya mshale. Mshale ulipotoka alifumba macho kama mtoto anayedungwa sindano. Aliposikia kile kicheko akayafumbua, akabaki anaitazama skrini, samaki akipoa. Akafuta uso kwa kiganja.

"Mzee mjanja huyu," akasema. Akanigeukia. "Iko nyingine?"

"Iko. Imeletwa asubuhi."

"Na huko anafanywa nini?"

"Sijui."

"Wewe hujui?"

"Haki, sijui."

Alinitazama kuona kama ninamficha. Akacheka, akasukuma kiti cha pili kwa mguu. Mama alikuwa akiniita jikoni. Nikamjibu naja, nikakaa.