Sifuri Niliyompa Athieno

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na soko la Nagongera, mashariki mwa Uganda, mwalimu mkuu hakuniuliza vyeti. Nilikuwa nimemaliza sekondari tu, na yeye alijua.

"Wewe kijana, unajua kuchora?"

"Kidogo, bwana mkubwa."

"Kidogo inatosha. Wale hawajui kabisa. Chukua chaki, nenda darasa la tano, usiniletee kelele."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa sanaa. Siku zile tulifundisha kwa kielelezo, yaani mchoro ambao mwalimu anauweka ubaoni ili watoto waunakili. Changu kilikuwa chombo cha maua chenye shingo nyembamba, nilichokiona kitabuni. Niliugawa ubao kwa miraba, watoto wakazigawa karatasi zao vivyo hivyo, tukauhamisha mchoro mraba kwa mraba. Hakuna nyumba hata moja pale iliyokuwa na chombo kama kile. Maua tulikuwa nayo, lakini yalikaa nje.

Mkaguzi wa shule alipofika aliyafunua madaftari moja baada ya jingine. "Madaftari arobaini, chombo kimoja!" alisema. "Mwalimu, hii ndiyo nidhamu." Maneno hayo niliyabeba miaka mingi kama nishani.

Miaka mingi baadaye, nilipohamishiwa shule ya Kirewa, binti yangu Athieno alikuwa miongoni mwa wanafunzi wangu wa darasa la tano. Hapa lazima nieleze desturi moja ya kwetu. Mavuno yakiisha, kabla ya Krismasi, wanawake husiriba kuta za nyumba upya kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Kisha, chini ya ukuta, hupitisha vidole vinne kwenye udongo ukiwa bado mbichi na kuacha mistari iliyopinda, wakiijaza rangi nyekundu ya kichuguu, nyeusi ya majivu na nyeupe ya udongo wa bwawani. Kila mama ana mkono wake wa kuchora. Mke wangu alijulikana kwa mkono huo.

Siku moja niliweka kielelezo cha chombo cha maua, Athieno akaleta karatasi isiyo na mraba wala chombo. Ilikuwa imejaa mistari ya mama yake, imepakwa majivu na udongo mwekundu kwa kidole. Niliogopa walimu wenzangu wasije wakasema nampendelea mtoto wangu. Nikaandika sifuri kwa wino mwekundu, chini yake nikaandika: Huu si mchoro. Halafu nikaiinua darasa zima liione.

"Mtoto wa mwalimu huyu! Tazameni anachoniletea."

Wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Desemba ile mke wangu alimwita waanze ukuta. Athieno alichota maji, akayaleta, akarudi kuchota mengine. Mikono yake hakuitia kwenye udongo. Mama yake alipomuuliza, alijibu, "Mwalimu alisema si mchoro." Hakusema baba. Alisema mwalimu. Mke wangu alinitazama, nami nikajifanya nasahihisha madaftari.

Miaka yangu ya mwisho kazini niliifanya ng'ambo, Busia upande wa Kenya, katika shule ya binafsi. Naibu mwalimu mkuu pale alikuwa mama mmoja Msamia, wa kabila la pale mpakani, asiyeficha neno. Wiki ya pili aliingia darasani kwangu, akatazama ubao, akaniuliza mbele ya watoto:

"Mwalimu, hiki chombo ni cha nani?"

"Cha nani? Si cha mtu, madam."

"Basi tumrudishie huyo si mtu. Hawa wana mama zao wafinyanzi na baba zao wasuka mitego ya samaki. Waulize hao."

Nilikasirika mwezi mzima. Halafu nikaanza kubadilika, polepole, kama mzee anayejifunza kuendesha baiskeli. Kwa watoto wa wengine nilijirekebisha. Kwa Athieno sikusema kitu. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko ile sifuri.

Nilistaafu, nikarudi nyumbani Nabuyoga. Athieno aliolewa Busia. Binti yake Nafula, mwenye miaka tisa sasa, ana ugonjwa wa damu wa sikoseli, na maumivu yalikuwa yakimtoa shuleni kila mara, hadi mama yake akaamua kumfundishia nyumbani. Desemba iliyopita walikuja kututembelea, na mkobani Athieno alikuwa na vitabu viwili.

"Baba, hesabu na kusoma naviweza. Sanaa siiwezi, unajua. Nichagulie mtaala. Wewe ndiye fundi."

Kitabu cha kwanza kilikuwa kinene, kinang'aa, picha kwa miraba na jibu la kila somo nyuma. Cha pili kilikuwa chembamba, kimeandikwa na akina mama wanaofundishia watoto nyumbani, na ndani yake maswali tu: Kuna rangi gani hatua ishirini kutoka mlangoni pako? Nani wa kwenu anatengeneza kitu kwa mikono? Mwombe akuonyeshe.

Nilipokuwa nasoma, Nafula alikuwa amekwisha kufungua kile kinene na kunakili jagi la ukurasa wa kwanza. Sawasawa kabisa. Akaniletea. "Babu, unanipa ngapi?"

Nikayaona madaftari arobaini.

"Athieno," nikasema, "ile sifuri ya Kirewa haikuwa yako. Ilikuwa yangu. Nilikuonea, nikakufanya uchekwe na watu, na miaka yote hii nimenyamaza. Nisamehe."

Alikunja ukingo wa leso. "Kumbe unaikumbuka."

"Kila Desemba."

"Mimi nilidhani ni mimi peke yangu." Akacheka kidogo, akapangusa macho. "Haya, mwalimu. Kitabu gani?"

Nilichagua chembamba. Wazazi wakiniuliza siku hizi, nawaambia waangalie kama somo linamwachia mtoto nafasi ya kutoa jibu ambalo mwandishi hakulijua. Waangalie pia kama linawezekana siku ya homa, mtoto akiwa kitandani, kwa vitu vilivyomo chumbani. Kung'aa kwa karatasi si hoja.

Somo la kwanza tulilianza kesho yake asubuhi, na mwalimu alikuwa mke wangu. Udongo tuliukanda kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu baridi huamsha maumivu ya Nafula. Mtoto akapitisha vidole vinne ukutani, akapiga kelele ya furaha. Athieno alisimama pembeni. Kisha akavua saa yake, akanipa nimshikie, akaingiza mikono.

Kwa mazoea nikaokota kipande cha makaa niwapigie mstari wa kufuata.

"Baba, weka chini hayo makaa," alisema bila kugeuka. "Maji yanapoa."

Nikayaweka chini, nikachukua beseni, nikaenda kuleta maji mengine.