Ng'ombe Sita wa Mahari

Sogea nikueleze, msomaji, ila usicheke mapema. Nauza vifaa vya ujenzi Bunda mjini, na nikitoka kazini nacheza mchezo wa kilimo kwenye simu. Humo, zao linalolipa majira ya kuchipua ni viazi. Ukipanda siku ya kwanza na kumwagilia kila asubuhi, utavuna hadi ushangae.

Mwezi uliopita nilikwenda Suguti kwa wazazi wa Pendo, mchumba wangu, kuzungumzia mahari. Baba yake akaniuliza kama nalimaga. Kwa kuwa napenda kuelekeza watu, nikamweleza mbegu, mbolea, hata kumwagilia kabla ya chai.

"Na ukishauza viazi?"

"Nimenunua ng'ombe sita, baba. Wote wa maziwa."

Pendo, aliyekaa kando yangu, akanikanyaga mguu. Nilidhani ni mapenzi.

"Basi mahari yetu ni hao hao sita," mzee akasema. Nikafungua mdomo kufafanua, lakini mama mkwe alikuwa ameshapiga kigelegele.

Jumamosi mzee akaja na kaka zake wawili, wakiwa na fimbo na kamba, hadi chumba changu cha kupanga Nyasura.

"Zizi liko wapi, mwanangu?"

Nikatoa simu. Mzee akavaa miwani, akawahesabu kwa kidole, polepole, hadi sita. Kisha chaji ikaisha.

"Wamekwenda wapi?"

"Wamezimika, baba."

Akakunja kamba yake vizuri. "Mahari ni sita," akasema. "Wenye kwato."

Ukiulizwa ukweni unalima nini, onyesha simu kwanza, ndipo ueleze.