Okidi Iliyokula Takataka

Mkorosho wa nyumbani kwetu Bunju umebeba okidi ya chui, mmea wa maua unaoota juu ya miti, mpana kuliko karai la kufulia. Mashina yake ni manene kama miwa. Mizizi mingine imeng'ang'ania gome, mingine imesimama wima kama njiti za ufagio uliopinduliwa, ikidaka majani makavu yanayodondoka. Majani hayo yakioza ndiyo chakula chake. Mti wenyewe haiunyonyi hata tone. Nilikuwa nimesubiri maua yake miaka mitatu.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Temeke kukaa nasi. Siku ya pili tu, alipomaliza kufagia uwanja, akaingiza vidole kwenye ile mizizi na kuyachomoa majani yote, moja moja, kama anayechambua mchele.

"Mti wenu ulijaa uchafu, mwanangu."

"Ahsante, mama," nikajibu, huku moyoni nachemka. Okidi yangu imepokonywa sahani! Lakini mkwe haambiwi "acha." Nikachagua njia ya mwoga: kila jioni akiingia kuswali magharibi, natoka na ndoo ya majani makavu, naijaza mizizi upya. Asubuhi anayatoa. Jioni nayarudisha.

Wiki ya tatu akamwambia mwanawe, mume wangu, kwamba anataka kurudi Temeke. Nakiri nilifurahi. Jioni hiyo nilijaza kwa mbwembwe, sikujua kuwa ametoka kuanua kanga yake kambani. Alinikuta nimekumbatia ndoo. Akanitazama, akautazama mti, akaketi palepale mchangani.

"Kumbe ni wewe! Mie nikajua mti una wenyewe! Natoa uchafu, unarudi. Natoa, unarudi. Dua zote nimezimaliza, nataka kuwakimbia, kumbe ni ndoo yako!"

Aibu ilinishika, kisha kicheko. Nikaketi naye nikamweleza habari ya mizizi ile na chakula chake. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso.

"Sasa si ungesema ana njaa? Mie nimemlaza njaa kiumbe wa watu!"

Hakuondoka. Tangu siku hiyo takataka zote za uwanjani zilipelekwa kwenye mti, na okidi ilipochanua, njano yenye madoa ya kahawia, alialika majirani kana kwamba amejifungua yeye.

Siku hizi yuko Temeke. Hupiga simu kila asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keshakula?"

Mume wangu huinama kwenye simu: "Nimeshakula, mama."

"Sikuulizi wewe."