Simu Iliyopigwa na Namba Yangu

Mimi ni mama lishe wa Kambarage. Uganga siujui na pombe sinywi. Haya yalinipata mchana kweupe, jua la Shinyanga likiwa utosini. Ukitaka kucheka cheka, ila nisikilize kwanza.

Nilinunua laini mpya, nikaisajili kwa kidole changu mwenyewe. Kesho yake akaanza kupiga mama mmoja, sauti ya kizee, kutoka kijiji kimoja huko Chato. "Masanja, ng'wana wane!" Masanja mwanangu, anasema hivyo kwa Kisukuma. Nikamwamkia, nikamwambia amekosea namba. Kesho tena. Wali unaungua, wateja wananifokea, yeye anamtaka Masanja! Wiki ya pili hasira zikanipanda.

"Mama, mwanao amebadilisha namba ili usimpate!"

Mungu anisamehe. Akaniambia taratibu kwamba ameshakwenda mara mbili machimbo ya dhahabu ya Geita, alikokwenda mwanawe kutafuta maisha. Kila shimo alikomuulizia Masanja, walisema hawamjui. Namba ile ndiyo kitu pekee alichobaki nacho.

"Nataka kujua tu kama yu hai au amekufa, mwanangu. Nimechoka kumwekea chakula."

Nililia mbele ya wateja, sikuona hata aibu.

Siku tatu baadaye, saa saba mchana, simu ikaita. Kutazama, namba inayopiga ni yangu mwenyewe! Niamini. Jirani yangu muuza mitumba aliiona pia, akarudi nyuma. Nikapokea. Nikasikia maji yanadondoka, na mwanaume anahema kama mtu aliyebeba mzigo.

"Samahani dada. Mama anamuulizia Masanja, lakini huku hakuna anayelijua jina hilo. Wananiita Njiti. Mwambie amuulizie Njiti."

Ikakatika. Kwenye orodha ya simu zilizoingia haikuwepo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nikampigia yule mama. Nilipotaja Njiti tu, akaguna. Akasema tangu utotoni mwanawe hakosi njiti ya kiberiti mdomoni.

Tulikutana stendi ya Geita, tukaenda pamoja machimboni. Safari hii tukamuulizia Njiti. Mchimbaji wa kwanza akavua kofia. Akatueleza kwamba msimu wa mvua shimo lao liliporomoka, Njiti akafukiwa. Mwili waliutoa, ila simu yake haikuonekana, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Walimzika palepale, wakaweka msalaba wa mbao ulioandikwa NJITI. Kumbe namba yake ilikaa bila kutumika, kampuni ya simu ikaniuzia mimi.

Mama alipiga magoti pale kaburini, akaita, "Masanja." Wanaume wazima, wenye vumbi mpaka kwenye kope, wakaanza kulia. Walikuwa wamekula na kulala naye miaka, wala hawakuwahi kumuuliza jina alilopewa na mama yake.

Laini hiyo bado ninayo, na siitupi. Mama hupiga kila Jumapili, siku hizi ananitaka mimi, nami nampa muda hata kama jiko linawaka. Ile namba yangu haijanipigia tena, ingawa simu ikiita saa saba natazama namba kwanza kabla ya kupokea.

Basi nakuonya. Akikosea mtu namba, usimtukane, maana hujui amebakiwa na nini. Na kama una kijana machimboni, usiridhike kwamba simu yake inaita. Mpigie leo, muulize huko wanamwitaje.