Jani Lililoitwa Spès

Spès, mama wa mtoto mmoja, Armel, alikuwa akiuza mboga Umbilo Road, huku ugenini, na kwa wasio na hela ya daktari aliuza majani ya dawa. Mrundi yule hakuogopa mvua wala polisi. Alichoogopa ni kukosea jani. Sisi wapangaji wenzake tulimcheka. Nani anakagua mchicha kama anakagua mkwe?

Siku moja, mwaka 2012, alimjia Afriyie, msusi wa Kighana aliyejifunza Kiswahili chetu saluni. Binti yake mjamzito alikuwa hali chochote. Alitamani supu ya jani la kwao, awonwono.

"Iyo ni jani gani, dada?" Spès aliuliza.

"Jina lake ni uchungu wenyewe. Kwetu jani moja linaitwa kwa ladha yake, lingine kwa ndugu yake. Nanasi, kwa mfano, tunaliita mchikichi wa wageni. Ukisikia jina, umelijua."

"Mchungu? Basi ni umubirizi wetu. Iko Clairwood, nyuma ya magodauni."

Asubuhi Spès akaenda kuchuma. Walinzi wawili wakamfokea, mgeni anafanya nini pale, wakamfungulia mbwa. Akavuna kwa pupa na kutimua mbio. Fungu moja akampa Afriyie, aliyezoea kuliona jani hilo ndani ya supu tu. Alionja kidogo, akatema, akacheka kwa furaha. Chungu kweli!

Mchana, Spès akipanga fungu lililobaki, shina moja likavunjika na kutoa maziwa. Umubirizi hauna maziwa. Na sumu nayo ni chungu.

Akaacha mboga mezani, akakimbia. Taa nyekundu hakuiona. Taxi ikampigia honi, dereva akamtukana. Alimhofia binti, tena alijihofia mwenyewe: mgeni aliyelisha watu sumu, nani angemsikiliza? Aliona aibu kujifikiria saa kama ile, lakini hofu haina adabu.

Hakubisha hodi. Alimkuta binti ameshika kijiko, akalipiga bakuli likagonga ukuta.

"Una wazimu wewe!" Afriyie alipiga kelele.

"Amekunywa? Sema, dada! Amekunywa?"

"Vijiko viwili tu."

Spès akavunja shina mbele yao, maziwa yakatiririka kwenye kidole. Binti akaanza kutapika kabla hawajafika mlangoni.

Hospitalini walikaa benchi moja. Spès alimshika Afriyie mkono, Afriyie akauchomoa. Kila mlango ulipofunguka, Spès alisimama. Jioni nesi akatoka: binti mzima, na mtoto tumboni anacheza. Spès alilia mpaka watu wakadhani amefiwa.

Afriyie hakumshtaki. Alisema tu kwamba kwao kuna mimea inayoitwa kwa majina ya watu, ili kisa kisisahaulike. Haukupita muda, Umbilo nzima, Wakongo kwa Watanzania, ikaliita lile jani spès. Mwenyewe akaacha kuuza dawa, akabaki na mboga.

Mwaka juzi alikuwa akipita uani na beseni kichwani. Mtoto wa wapangaji wapya alikuwa amechuma tawi lenye maziwa, na mama yake akapiga kelele kutoka dirishani: "Tupa! Iyo ni spès, inaua!"

Spès akatua beseni. Akampokonya mtoto lile tawi, akamfuta vidole kimoja kimoja kwa kitenge chake.

"Sikia mama yako," akamwambia.

"Na wewe ni nani?" mtoto akauliza.

Akatazama dirishani kwanza. "Mama Armel," akajibu.