Muuguzi wa Chumba cha Juu

Kabla korona haijaingia, tulimpangisha chumba chetu cha juu muuguzi mmoja kutoka bara. Mimi na mama tuliishi chini, hapo Mji wa Kale, na asubuhi nilikuwa nikiuza mahamri na mbaazi barazani. Mwanamke yule alikuwa na adabu zake. Hakupanda ngazi jioni bila kumwambia mama masalkheri, na Ramadhani ikifika, ingawa yeye ni Mkristo, mama alinituma nimpelekee sahani ya futari kila siku, na hata Ramadhani ikiisha hakuacha kumpelekea chakula.

Chanjo ilipoletwa, akapangiwa kupiga watu sindano katika zahanati ya mtaani, ng'ambo ya njia kutoka kwetu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mama hakuiamini chanjo ile hata kidogo. "Malaria imeniulia ndugu," akaniambia, "na mpaka leo twaambiwa tusubiri. Maradhi haya ya juzi dawa yake imeshapatikana. Kwani pana nini?"

Redioni tulisikia kuwa nchi kadhaa za Ulaya zimeisimamisha chanjo hiyo ichunguzwe, kisha redio ileile ikatuhimiza sisi tujitokeze kwa wingi. Wateja wakiniuliza nilisema Mungu atatuhifadhi, nikawauliza wataka mahamri mangapi.

Kilichotutia shaka zaidi ni mambo ya alasiri. Zahanati ikikaribia kufungwa, mpangaji wetu alitoka nje na koti lake jeupe akawa anasimamisha wapita njia. "Kaka, umechanjwa? Ingia, hutakawia." Hata wachukuzi waliokuwa wakirudi kutoka soko la Marikiti na mikokoteni mitupu aliwaita. Mama alimchungulia dirishani.

"Yuwawinda watu," akasema. "Umeona wapi dawa nzuri ikatembezwa njiani?"

Tangu siku hiyo mama hakumpelekea chakula tena. Mpangaji alipotuletea maparachichi kutoka kwao, mama aliyapokea kwa shukrani, akafunga mlango, akanipa nikayatupe. Sikuyatupa. Niliyaficha chini ya meza ya jikoni, yakaozea hapo, maana nami niliogopa kuyala.

Alasiri moja nilichoka na minong'ono ya mtaani. Nikavuka njia nikamkuta mlangoni mwa zahanati.

"Dada, niambie kweli. Mwalipwa kwa kila kichwa?"

Alinitazama, kisha akaniingiza ndani. Akafungua sanduku la barafu, akanionyesha kichupa kidogo.

"Hiki ni cha watu kumi," akasema. "Nikishakifungua, baada ya saa chache ni cha kumwaga. Leo wamekuja saba tu. Nikimwaga, wakubwa wananiuliza. Nikitoka kuita watu, nyinyi mnanisengenya. Nifanyeje?"

"Na wewe umechanjwa?"

"Mapema kabisa. Na mama yangu kijijini nilimsihi kwa simu mpaka akakubali. Naye alikuwa na maneno kama yenu."

Sijui kama nilimwamini. Nilijua tu kwamba nikirudi nyumbani vile, nitakaa dirishani na mama tukichungulia mpaka sijui lini. Nikapandisha mkono wa buibui.

Magharibi homa ikanishika, nikatetemeka mpaka meno yakagongana. Nikamwambia mama nilichokifanya. Hakunigombeza. Alipanda zile ngazi ambazo kwa maumivu ya magoti alikuwa ameziacha zamani, nikamsikia akigonga mlango juu. Wakashuka pamoja, mama akiwa nyuma kama askari.

"Kaa hapa," akamwambia, akimwonyesha kiti kando ya kitanda changu. "Hutoki mpaka mwanangu apoe."

"Mama, hii ni homa ya kawaida, kesho itakuwa ime..."

"Nimesikia. Kaa."

Akakaa. Alinipa vidonge vya homa, akanikanda paji la uso kwa kitambaa cha maji. Mama alipokwisha kuswali isha, alirudi na sahani ya wali na mchuzi wa papa, akamwekea mbele yake. Kumshuku alimshuku, lakini kumwacha mtu na njaa nyumbani mwake hakuweza. Yule muuguzi alikula polepole, na mama hakuondoa macho kwenye mikono yake.

Asubuhi niliamka mzima, bega tu likiniuma. Mama hakuomba radhi. Lakini jioni akanituma nipeleke sahani juu.

Baadaye mama alipata nafasi ya kwenda Umra, ile hija ndogo, akaambiwa bila chanjo hasafiri. Nilidhani angekwenda kuchanjwa Mwembe Tayari, ambako hakuna amjuaye. Akavuka njia akaenda zahanati yetu, kwa yule yule mpangaji. Akataka aonyeshwe kichupa, akauliza kimefunguliwa saa ngapi.

"Sasa hivi, Mama, mbele yako."

"Bado sijakuamini," mama akamwambia, huku akipandisha mkono wa kanzu. "Lakini wewe, likinipata jambo, najua mlango wako uliko."

Alipokwisha kupigwa sindano aliambiwa angoje kidogo kwenye benchi kabla ya kwenda zake. Alikaa hapo kupita muda alioambiwa, akimkodolea macho kila aliyeingia baada yake mpaka amwone ametoka mzima.