Kisu ya Kubonyeza Haiwekwi Kifuani

Nakumbuka siku moja nimesimama mbele ya wakwe, mkono wa kushoto nimeubana hivi, kama mtu ako na jipu kwa kwapa. Na jipu sikuwa nayo. Nilikuwa na kisu. Usicheke bado, mwanangu. Ngoja tufike mahali pa kucheka, nitakuonyesha.

Wacha nianzie nyuma. Ilikuwa mwisho mwisho wa ile miaka ya tisini. Kitengela bado ilikuwa maduka ya mabati kando ya barabara, na pundamilia wakitaka kuvuka, wewe ndio unangoja. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi tu, niko na mtoto mmoja, Wanjiru, na miguu ya kutembea kutoka asubuhi mpaka jua lichoke. Kazi yangu ilikuwa mbuzi. Nanunua mnadani Kajiado, nauza Kitengela. Na mtu wa mbuzi, mwanangu, Mungu hakumpa mikono ya kutosha. Mmoja umeshika kamba, mwingine umeshika pembe, na kisu nayo inangoja mkono wa tatu.

Kisu yangu ya kwanza ilikuwa hii ya kukunja ya kawaida, ile iko na kashimo kadogo ka kuingiza ukucha ndio uivute. Ukucha wa nani? Wa mama anayesugua sufuria na mchanga? Mimi nilikuwa naifungua na meno. Hii pengo unaona nikicheka usifikiri ni uzee. Uzee ulikuja ukaikuta.

Basi siku moja mnadani mbuzi wangu wawili wakazungukana, kamba ikamkaba mmoja shingo, macho yakamtoka kama mayai ya kuchemsha. Mimi mkono mmoja nimemshika yule mwenzake, kisu iko kwa meno, na meno yamekataa. Nilikuwa nakoroma kuliko mbuzi. Mpaka mzee mmoja wa Kimaasai akapita, akakata kamba, akaenda zake bila hata kugeuka. Mbuzi alipona. Lakini mchana wote alinitazama kama shahidi kortini.

Hapo ndipo muuza vitu vya Chaina akanipata, moyo ukiwa bado mwepesi. Alikuwa anaongea kama cherehani. "Mama, mama, mama, kuja uone. Hii haitaki ukucha, haitaki meno, haitaki mkono wa pili. Bonyeza hapa. Chwak. Ushamaliza. Wewe ukifikiria tu nyama, nyama imekatika."

Nikabonyeza. Chwak. Mwanangu, hiyo sauti iliniingia hapa kwa mfupa. Nikabonyeza tena.

Sitakudanganya, kwa mbuzi hiyo kisu ilikuwa dawa. Mkono mmoja umeshika mnyama, mwingine unaingia, chwak, kamba imekatika, mbuzi anapumua. Mtu akikuambia kisu ya kufunguka haraka haina faida, muulize kama ameshawahi kushikana na beberu kwa matope. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, lakini walisahau kusema kwanza ifunguke.

Shida haikuwa kisu. Shida ilikuwa mimi. Nilianza kuifungua mahali hakuna mbuzi. Chungwa, chwak. Uzi wa nguo, chwak. Majirani wakiongea maneno yao kwa bomba la maji, mimi niko kando, chwak, ndio waniulize ni nini hiyo. Mama mkwe wangu alikuwa na sauti ya mlango usio na mafuta. Akaniita. "Nyina wa Wanjiruuu. Hiyo kitu yako ikilia, kuku wangu hawatagi."

Nikamwita mama kwa Kikuyu, "Pole, maitu."

"Na unaiwekanga wapi?"

"Kifuani, maitu. Ndio isipotee."

Akanitazama kutoka kichwa mpaka viatu. "Kifua ni ya mtoto. Kisu iko na nyumba yake. Mnyama anayejifungulia mlango mwenyewe, wewe unalala naye?"

Nikaona huyu mama ananionea wivu tu. Tuendelee.

Sasa, ndugu yangu mdogo, Kariuki, fundi wa kuchomelea milango pale Kitengela, alikuwa amependa msichana wa Kimaasai anaitwa Naserian, wa kule upande wa Kajiado ndani. Na si kupenda mchezo. Kijana alikuwa amekonda mpaka miwani yake ya kuchomelea inamteleza. Tulikuwa tumeenda kwa baba ya msichana mara mbili, na mara mbili Mzee Lemayian akatunywesha chai, akatusindikiza mpaka kwa lango, akasema yale yale. Alikuwa anaongea polepole, kila neno linakuja peke yake kama ng'ombe mzee. "Nyinyi. Watu wa mji. Mikono yenu. Ni ya moto. Msichana wangu. Hapana." Halafu tukasikia ameanza kuongea na watu wengine kutoka Loitokitok, nao wanamtaka Naserian. Hiyo mara ya tatu ndio ilikuwa ya mwisho. Kariuki akaniambia njiani, "Dada, leo tafadhali uwe mpole." Mimi nikamwambia, "Nimewahi kuwa nini ingine?"

Tukafika. Mimi ndio nilibeba kiondo cha sukari, majani na mafuta ya kupika, nimekikumbatia hapa mbele. Na kwao, unajua, mdogo huinamisha kichwa, mkubwa anaweka mkono juu, ndio salamu. Nikafika kwa Mzee, nikainama. Na kwa sababu ya kuambiwa niwe mpole, nikainama na ya kesho.

Kiondo kikafinya kifua. Kifua kikafinya kile kitufe.

Chwak.

Nikasikia kitu baridi imepita hapa mbavuni, ikatoboa blauzi, ikatokea kwapani, ikatulia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi miaka yote nilifikiri wanaongea juu ya chawa.

Mzee akaweka mkono kwa kichwa changu. Akautoa. Mimi bado nimeinama. Akangoja. Akaweka tena, labda hakubonyeza vizuri. Mimi niko tu hapo. Nikasikia anamwambia mwenzake, "Huyu. Ako na heshima. Sana." Kidogo kidogo nikainuka, nimebana mkono, sweta imefunika, natabasamu na meno yale yaliyobaki.

Ningeomba nafasi ya kwenda choo, mambo yangeishia huko. Lakini nyuma ya Mzee tayari kulikuwa na mama ya Naserian, mama mkubwa, mwenye shanga mpaka hapa, na mikono ameifungua wazi kabisa. "Takwenya," ananisalimia kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitikia, nikarudi nyuma hatua moja.

Yeye akaja mbele, akafikiri naona haya. Nikarudi nyuma ingine. Akaja. Nikarudi. Tukazunguka kiondo kama majogoo wawili. Na mimi nawaza, huyu mama akinikumbatia namna hii, leo hapa kutaitwa polisi badala ya shemeji.

Akasimama. Mikono ikashuka yenyewe. Uso ukafunga. Akasema kwa Kiswahili, ndio sote tusikie, "Kumbe. Mnataka mtoto wangu, na mimi siwezi kuguswa."

Nikamwona Naserian mlangoni ameshika birika, chai inamwagika na haoni. Nikamwona Kariuki. Hakunikasirikia. Alinitazama tu vile mtu anatazama basi ikimwacha. Na Mzee alikuwa ameshaanza kutafuta fimbo yake, na hapo kwao mzee akiinuka na fimbo, maneno yameisha.

Nikajaribu kudanganya kwanza, wacha niseme ukweli. Nikasema, "Niko na homa, sitaki kukuambukiza." Nikakohoa. Kukohoa nako kukanidunga. Nikaona hapa ni mawili, nimwage aibu yangu ama nimwage ndoa ya mtoto wa mama yangu. Mficha uchi hazai. Nikaingiza mkono ndani ya sweta mbele ya wazee wote, nikatoa kisu, imefunguka wazi, inang'aa. Nikasema, "Mama, si kwamba siwezi kukugusa. Ni hii ingekugusa."

Mwanamke ameingia kwa wakwe na kisu imefunguliwa kwa nguo. Hata mbwa walikaa chini.

Mama ya Naserian akaitazama. Akanitazama mimi, blauzi imetoboka, mkono bado uko juu kama bawa la kuku. Halafu akaingiza mkono wake mwenyewe kifuani, huko chini ya shanga, akatoa mkebe wa ugoro. Akasema, "Hii nayo ilifunguka Jumapili. Nikiwa kanisani. Nilipiga chafya mpaka pasta akakatiza maombi."

Akaanza kucheka. Alikuwa anacheka na tumbo, shanga zote zinalia. Mimi nikashikwa. Wamama wakashikwa, mpaka Naserian akaweka birika chini akakaa hapo kwa mlango. Hapo ndio mahali pa kucheka, mwanangu. Cheka.

Lakini Mzee hakucheka. Akanyoosha mkono, nikampa kisu. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia yote, ya mbuzi, ya kamba, ya meno. Akaitikia kwa kichwa, kwa mbuzi alielewa. Akaifunga. Akatafuta kitufe, akabonyeza. Chwak. Alishtuka, ikamtoka mkononi, ikasimama kwa mchanga kando ya kidole chake cha mguu. Akaitazama sana ikiwa pale. Halafu akagusa sime yake kwa kiuno, ile ya ala nyekundu.

"Hii yangu," akasema, "iko na safari. Mkono unatoka hapa. Unafika hapa. Unashika. Unavuta. Katika hiyo safari, mtu anaweza kuniuliza, Mzee, unaenda wapi? Na mimi naweza kurudi. Hii yako. Nani atakuuliza? Imefika kabla wewe hujaondoka."

Nikainama polepole, nikaichomoa kwa mchanga.

Akageukia Kariuki. Nikajua sasa ndio inakuja. Akasema, "Mikono ya moto inapoa. Nilichoogopa zaidi, watu wa mji ni wa kuficha. Msichana wangu akiugua huko kwenu, mtaficha. Akilia, mtaficha. Lakini huyu dada yako. Ametoa aibu kifuani, mbele ya wakwe. Huyu akiona shida ya mtoto wangu, atasema. Keti. Tuongee." Na Kariuki akaketi, mwanangu, mahali hapakuwa na kiti.

Kisu niliondoka nayo, lakini haikukaa. Mafuta ya nyama na vumbi ya Kajiado viliingia ndani, ikawa ukibonyeza inatoka nusu, kama mzee akiamka. Nikatupa kwa shimo la choo. Nikatafuta ingine ya kusukuma na kidole gumba. Inafunguka na mkono mmoja, sawa, lakini mpaka wewe useme. Na iko na chuma cha kuishika ikiwa wazi, isikufungie vidole. Niko nayo mpaka leo.

Kwa hivyo sikiliza, wewe mwanangu unayenunua kisu kwa sababu ya sauti. Usiniambie haraka haraka haina baraka, hiyo hata kasuku anajua. Haraka iko na baraka yake. Mbuzi akikabwa, haraka ndio Mungu. Lakini pima kazi yako. Kama mkono wako wa pili uko huru, kisu ya ukucha inatosha, na itakupa nafasi ya kufikiri. Kama hauko huru, chukua ya kidole gumba. Ya kubonyeza, kama ni lazima, iwe na kifungio, ilale kwa ala yake, kiunoni, mbali na mwili wa mtu anayekukumbatia. Usiifungue kwa watu ndio wakuone, maana hawakuoni wewe, wanaona kisu. Na siku imekufungukia mahali pabaya, kwa sababu itakufungukia, usikohoe ukisema ni homa. Itoe. Sema. Aibu ni kama huyo mbuzi, ukimkata kamba mapema anapona.

Sasa leta kiganja, niteme mate kidogo ya baraka, vile wazee wa kwao Naserian walinitemea. Mkono wako ufike kwa kazi ukiwa mzima, na urudi ukiwa mzima. Nyumba ya wakwe zako ikufungulie mlango, na mama wa hapo akukumbatie na nguvu zake zote, na usiwe na kitu cha kukurudisha nyuma. Thaai, iwe amani.